Riadi Imejengwa kwa Sitara, Sisi Tumeigeuza Jukwaa



Kila msimu wa harusi ukikaribia tunaulizwa suala lile lile: "Tunakwenda fungate Moroko, tumeiona riadi nzuri Marrakech, mnatushauri vipi?" Na suala huja na picha. Picha yenyewe tunaijua sote: birika la maji katikati ya ua, mawaridi yanaelea juu yake, sinia ya shaba yenye chai ya nanaa, na bibi harusi amekaa ukingoni, nguo imetandazwa sakafuni kama zulia.

Leo tunajibu, na jibu letu halitampendeza kila mtu. Riadi ni nyumba njema sana kwa mwanamke wa Kiislamu. Lakini riadi tunayouziwa kwenye simu mara nyingi si nyumba hiyo tena. Na sisi wenyewe, na mitandio yetu kichwani, ni miongoni mwa wanaoiharibu.

Tuanze na nyumba. Neno lenyewe ni la Kiarabu na maana yake ni bustani. Riadi ya asili ina bustani katikati, imegawanywa mafungu manne kwa njia zinazokutana kwenye chemchemi, na ina michungwa au milimau ya kivuli. Nyumba yenye ua usio na bustani wenyewe huiita dar, ingawa siku hizi karibu kila yenye ua hutangazwa kuwa riadi. Ukisimama nje huoni kitu. Ukuta mtupu, na mlango mmoja kwenye kichochoro ambacho gari haliingii, mizigo yako inasukumwa kwa mkokoteni. Mlango ukifunguliwa bado huoni kitu, kwa sababu ujia umepindwa makusudi ili jicho la mpita njia lisifike ndani. Vyumba vyote vinatazama uani. Vigae vya zellij, mbao za mierezi zilizochongwa, kuta za chokaa zilizosuguliwa kwa jiwe na sabuni nyeusi mpaka zikazuia maji: uzuri wote umewekwa ndani, kwa wenyewe.

Nyumba za ua zilikuwepo kabla ya Uislamu, lakini mafundi wa Fez na Marrakech walizitia adabu ya Kiislamu. Katika Suratun Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba za watu mpaka tupate idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa hodi imewekwa kwa ajili ya kulinda macho. Ujia ule uliopinda ni hodi iliyojengwa kwa matofali.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kuelezwa sana. Nyumba za Mji Mkongwe nazo zina uwani, na bibi zetu walijua nani anaishia barazani, nani anafika ukumbini, na nani anapita mpaka ndani. Na fungate yenyewe, kabla haijawa safari ya ndege, ilikuwa siku saba za ndani: maharusi wametulia, chakula kinaletwa, somo ndiye anayeingia na kutoka. Kwa hiyo mwari wa kwetu akitamani riadi, hatumlaumu. Anatamani kitu anachokijua.

Sasa tatizo liko wapi?

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, wageni kutoka Ulaya, na Wafaransa wakiwa wengi, walinunua nyumba hizi kwa wingi huko Marrakech wakazitengeneza na kuzifanya za kulala wageni. Hatusemi wote waliharibu. Nyumba nyingi zilikuwa zinaanguka na wao wakaziinua. Lakini angalieni kilichotokea. Kuta zilibaki zile zile, watu ndio waliobadilika. Nyumba ilijengwa kwa familia moja, ambamo aliyemo uani ni baba, kaka, mume au mtoto. Leo vyumba sita au vinane vina watu sita au wanane wasiojuana, na wote wanatazamana. Madirisha yale yaliyogeuzia mtaa mgongo sasa yanamtazama mwanamme ajinabi wa chumba cha pili. Sauti ya uani inapanda mpaka ghorofa ya juu, neno lako na mumeo linasikika. Birika la katikati limepanuliwa likawa bwawa, na wageni wanaoga hapo nusu uchi, hatua tano kutoka mlangoni kwako. Jioni, katika nyumba nyingi, mvinyo unapitishwa kwenye meza zile zile.

Nyumba iliyojengwa kukuficha na mtaa, sasa inakufunua kwa wageni wenzio. Hicho ndicho maharusi wetu hawaambiwi. Wanaona matao na taa za shaba, wanasema "hii ni nchi ya Kiislamu, hii ni nyumba ya kizamani, nitastirika," halafu wanajikuta wanavaa buibui kwenda kuchukua chupa ya maji.

Tunasema haya kwa kuwa yametupata. Tulikwenda wanawake watatu na waume zetu, tukachagua nyumba kwa picha tu. Usiku wa kwanza mwenzetu mmoja alifungua dirisha apate upepo, nywele ziko wazi, na ng'ambo ya ua kulikuwa na bwana mmoja anarikodi taa kwa simu. Tulimwomba afute, akafuta kwa heshima. Hakukusudia ubaya. Lakini yule bibi harusi hakulifungua tena dirisha mpaka tunaondoka.

Hilo hatukulileta hapa kujililia, maana kosa kubwa zaidi tulilifanya sisi.

Siku ya pili, baada ya Alasiri, tulipanda juu ya paa kupiga picha za nguo. Zamani katika miji ile mapaa yalikuwa mahali pa wanawake: ndipo walipofua na kuanika, ndipo walipozungumza paa kwa paa, na wanaume walijizuia kupanda. Hilo tulikuwa hatulijui, na hatukuuliza. Paa la jirani lilikuwa chini kidogo ya letu. Mama mmoja alikuwa anaanika nguo, kichwa wazi, mikono imekunjwa. Alipogeuka akaona simu tatu zimeelekea upande wake, alivuta shuka kwenye kamba akajifunika, akashuka mbio. Nguo zilizobaki aliziacha ndani ya beseni.

Tulifuta picha. Lakini mama yule tulikwisha mwondoa. Mwanamke wa Kiislamu, nyumbani kwake, amefukuzwa juu ya paa lake na wanawake wa Kiislamu waliojisitiri kutoka utosini mpaka kwenye nyayo. Sitara yetu ilikuwa kamili, yake tuliichana. Sitara gani hiyo inayoishia kwenye mwili wa mwenye nayo?

Tunajua tutakayojibiwa. Wa kwanza atasema, "Nimelipa, paa ni langu." Umelipia paa, hukulipia anayeonekana kutoka juu yake. Jirani ana haki yake katika dini yetu, na haki hiyo haifutwi na risiti.

Wa pili ana hoja nzito zaidi, nasi tunaiheshimu. Atasema ua ule ulikuwa jela. Ni kweli kwamba wapo walioishi hivyo. Fatima Mernissi, mwandishi wa Moroko aliyezaliwa Fez mwaka 1940, aliandika kitabu Dreams of Trespass kuhusu utoto wake katika nyumba ya namna hiyo, yenye bawabu mlangoni na wanawake waliotamani kutoka. Hatutaki kuirudisha nyumba ile. Lakini mlango uliofungwa na mtu mwengine ni kitu kimoja, na mlango ambao ufunguo wake unao wewe ni kitu chengine kabisa. Sitara tunayoitetea ni hii ya pili: mwanamke achague nani amwone na nani asimwone. Kule jela hakuchagua. Na katika ua wa hoteli wenye simu nane pia hachagui.

Wa tatu atauliza, "Basi tusiende?" Nendeni, dada zetu. Nendeni kwa akili.

Kama uwezo upo, kodini nyumba nzima hata ikiwa ndogo. Dar ya vyumba viwili au vitatu mkishirikiana na ndugu inarudisha maana yake, kwa kuwa uani mnakuwa nyinyi peke yenu. Kama ni chumba tu, ulizeni kabla ya kulipa: Dirisha linatazama wapi, na lina pazia zito? Mlango ukifunguliwa, kitanda kinaonekana? Bwawa liko uani au juu? Pombe inatolewa? Paa lina pembe iliyozibwa? Hamamu ina saa za wanawake, na anayewasugua ni mwanamke? Mwenye nyumba anayeona uzito kujibu maswali haya amekwisha kujibu.

Na mkifika, mjue adabu. Ukipanda juu ya paa, tanguliza salamu kwa sauti, wenyewe wajue kuna mtu. Kamera isishuke kwenye uani wa jirani. Punguzeni sauti usiku, vichochoro vile bado vina watoto wanaosoma na wazee wanaolala.

Halafu tokeni nje. Msikiti wa Koutoubia uko hapo Marrakech, na wasio Waislamu hawaruhusiwi kuingia. Wewe unaingia na kusali. Fez ipo Qarawiyyin, ambayo kwa mapokeo ilianzishwa na mwanamke, Fatima al-Fihri, mwaka 859. Bibi harusi amesafiri masafa yote hayo, anazo neema hizi, na siku zake nne zinakwisha anatafuta mwanga mzuri kando ya birika!

Tunamalizia kwa la nyumbani. Mji Mkongwe nao unageuka. Nyumba moja moja inakuwa hoteli, mapaa yanawekwa meza, na chini yake wapo mama zetu wanaoanika nguo. Tukiudhika mgeni anapowapiga picha, tukumbuke beseni lile la Marrakech. Tusimfanyie mama wa mwenzetu tusilotaka afanyiwe mama yetu.

Allah awabariki maharusi wetu, azitie nyumba zao mapenzi na huruma, na atusitiri sote duniani na akhera. Amin.