Msinifutie Karanga Zangu!

Ndugu wasomaji, hasa nyie wenzangu mnaoandika usiku kwa taa ya simu, leo nina la moyoni. Mwezi uliopita nilisoma sura ya pili ya riwaya yangu mbele ya wenzangu hapa Dunda. Humo yumo binti anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri kumwandalia mdogo wake mkate wa kubeba shuleni: slesi mbili, siagi ya karanga na jemu. Sikumaliza hata ukurasa. Jamaa mmoja, tena ninayemheshimu, akanikata kauli: "Hiyo sandwichi ya Kimarekani, futa. Mtoto wa Bagamoyo anakula kitumbua." Wenzangu wakacheka. Nikakunja karatasi zangu nikaondoka.

Leo sinyamazi.

Nakubali, kuupaka mkate siagi ya karanga na jemu ni mambo ya Wamarekani. Julia Davis Chandler alikwisha kuyaandika katika jarida la mapishi la Boston mwaka 1901. Sawa. Lakini karanga yenyewe je? Asili yake ni Amerika ya Kusini, Wareno wakaileta Afrika, na leo hebu kamwambie mama wa Kigogo kwamba karanga si zake uone! Hata mpunga tunaopikia hivyo vitumbua asili yake ni Asia. Tufute na vitumbua?

Tena karanga humu nchini ina historia ya kutosha riwaya tatu. Mwaka 1947 Waingereza walivamia Kongwa na matrekta, mengine yameundwa kutokana na vifaru vya vita, eti walime ekari zaidi ya milioni 3 wapate mafuta ya kula kwao. Mvua ikagoma, udongo ukakauka kama saruji, mibuyu ikawatoa jasho. 1951 wakaufunga mradi, zaidi ya pauni milioni 36 zimezama. Wagogo wakaendelea na jembe lao la mkono. (Nani kati yetu ameiandika hiyo? Sisi ni majambazi na warembo wa mjini tu, na mimi nimo.)

Halafu kuna hili. Karanga ndizo zilizonisomesha mpaka kidato cha nne. Mama alikaanga, mimi nikazifunga kwenye karatasi za madaftari ya zamani, nikazizungusha stendi mpaka jua la utosi. Kalamu, viatu, michango, vyote vilitoka kwenye sinia lile. Leo mtu aniambie karanga si Uswahili wangu!

Ila jamaa alikuwa na hoja, nami sitaificha. Sandwichi niliyoiandika ilikuwa ya kwenye sinema. Binti alifungua chupa mbili za dukani, akapaka, basi. Nyumba ile isingemudu chupa hizo hata moja. Ulikuwa uvivu wangu wa kuandika, karanga hazina kosa. Nimeirudia aya. Sasa anazichagua kwanza moja moja, zenye ukungu na zilizosinyaa anatupa, maana sumukuvu haiondoki kwa kukaanga. Anakaanga kwa moto mdogo, anafikicha, anapepeta maganda kwenye ungo, kisha kinu na chumvi kidogo. Mwanzoni huwa unga mkavu mpaka unakata tamaa. We twanga tu. Mafuta yatajitoa yenyewe, unga ugeuke uji mzito. Maji usitie hata tone.

Jemu ni ya nanasi la Kiwangwa, lile lililoiva mpaka linanukia chumba kizima. Analikuna, analichemsha na sukari na ndimu, anakoroga mpaka mwiko ukipita unaacha njia chini ya sufuria.

Na hapa niko tayari kugombana na yeyote: karanga hupakwa slesi zote mbili, jemu ikae katikati. Wengi hupaka karanga huku na jemu kule, wakafunika. Mkate unanyonya maji ya jemu, ikifika saa nne, muda wa mapumziko, mtoto anafungua kikopo anakuta bokoboko. Mafuta ya karanga ndiyo kinga. Na mkate uwe wa jana. Wa leo bado laini, ukiupaka unachanika.

Katika sura mpya mdogo mtu anakula nusu tu. Nusu nyingine anairudisha nyumbani, kwa sababu alimwona dada akilamba mwiko, hakumwona akila.

Aya hiyo siifuti ng'o. Anayetaka kuifuta aje Jumamosi asubuhi. Kinu kipo, mchi upo, na kutwanga ataanza yeye.