Zabibu Nyekundu na Mahali Inapoota



Wapo watu wanaosema, "Zabibu ni zabibu tu." Mimi sikubaliani nao.

Tazama aina moja ya zabibu nyekundu iitwayo Syrah. Huko Ufaransa hulimwa katika bonde la mto Rhone. Upande wa kaskazini wa bonde hilo joto si kali sana. Zabibu huiva polepole. Divai yake ina uchachu, na hunukia kama pilipili manga. Katika karne ya 19 miche ya aina hiyo ilipelekwa Australia, ambako huitwa Shiraz. Katika bonde la Barossa jua ni kali. Divai ya huko ni nzito, na hunukia matunda yaliyoiva sana. Aina ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali.

Sasa tutazame Dodoma kwetu. Mji huu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Mchana jua huwaka, na usiku hupoa. Jua huongeza sukari katika tunda. Ubaridi wa usiku huzuia uchachu usiishe upesi.

Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, na huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya namna hiyo. Mkulima ndiye anayeuamsha mzabibu kwa kuupogoa. Ndiyo maana anaweza kuvuna mara mbili: karibu na Machi, na tena Agosti au Septemba.

Lakini mavuno hayo mawili hayafanani. Zabibu za Machi hukua wakati wa mvua. Punje hujaa maji, na ubwiri hushambulia vichala. Zabibu za kiangazi huwa na sukari zaidi. Rangi nayo hukolea, maana rangi nyekundu imo katika ganda. Punje ikijaa maji mengi, ganda hilo halitoshi kuyapa rangi nzuri.

Kwa hiyo naona si haki kununua zabibu kwa kilo tu. Kilo humpendelea anayemwagilia maji mpaka siku ya kuvuna. Humpendelea pia anayevuna kabla ya wakati kwa sababu anadaiwa. (Simlaumu. Deni halingoji zabibu ziive.) Je, yule aliyengoja wiki mbili zaidi, akifukuza ndege kutwa, anapata nini? Zabibu zake ni tamu, lakini bei ni ile ile.

Kipo chombo kidogo cha kupima sukari. Unatia tone la maji ya zabibu, unakielekeza kwenye mwanga, kisha unasoma namba. Ndugu, namba sasa unazijua. Shaurianeni katika kikundi chenu mchange fedha, mnunue kimoja. Pimeni wenyewe shambani kabla ya kuvuna. Mkikaa na mnunuzi kupanga bei, mwonyesheni namba ya sukari pamoja na kilo.