Mashua za kukodi Mvita: Wenyeji wako wapi?

Hivi majuzi nilikodi mashua katika Bandari ya Kale, mimi na wanafunzi wangu tisa, tukaingia hori ya Tudor kuelekea Jomvu Kuu. Tulipokwisha kupita chini ya Daraja la Nyali, nahodha alizima mtambo, akatweka tanga, na maji yaliyokuwa yakijaa yakatusukuma taratibu. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, vijana hawa ni wa papa hapa Kenya?" Kwa uzoefu wake, akodiye mashua kwa ajili ya kupumzika tu ni mgeni wa ng'ambo. Mwenyeji hupanda chombo akiwa na shughuli.

Swali lile limenikaa moyoni. Kila mwaka mabasi ya shule hufika Ngome ya Yesu. Wanafunzi huelezwa kuwa Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, hupigwa picha, kisha hurudi garini. Maji yaliyo mbele ya ngome hiyo, ambayo ndiyo sababu ya kujengwa kwake, hawayakanyagi. Tumewaachia watalii sehemu nzima ya somo, nao huiita "dhow" kila aina ya chombo chetu, kana kwamba jahazi, mashua na dau ni kitu kimoja.

Wanafunzi wangu hawa husomea shahada ya Kiswahili. Katika insha zao mambo "huenda mrama" kila ukurasa, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kukiona chombo kikienda mrama, kikilala ubavu huu na ubavu ule. Demani waliijua kuwa ni majira ya mwaka. Hawakujua kuwa ni kamba ya tanga vilevile. Foromali hawakuwahi kuisikia kabisa. Bamvua na maji mafu waliyafahamu kamusini tu, ilhali bahari ya Mombasa wakati wa bamvua huweza kupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mchukuzi wa mizigo asiyejua hesabu hiyo hukwama topeni saa sita nzima.

Mmisionari Krapf, aliyewasili Mombasa mwaka 1844, alikuwa akipita njia hiihii ya maji kabla ya kupanda kwa miguu hadi Rabai. Kamusi yake, iliyochapishwa mwaka 1882 baada ya kifo chake, imejaa maneno ya Kimvita. Yamkini mengi aliyapata kwa watu wa vyombo. Mgeni alijifunza kwa nahodha. Sisi wenye lugha twajifunza kwa kamusi ya mgeni.

Hata hivyo, nisiipambe safari ile kupita kiasi. Mahali fulani harufu ya maji taka ilitufanya tunyamaze. Mikoko imekatwa vibaya, na mlilana, ambao mafundi huuchongea mataruma ya mashua, tuliuona kwa nadra. Upande wa pili, hori ya Makupa ilipata janga la mafuta mwaka 1988, na kwa miongo mingi barabara iliyojengwa juu ya kifusi ilizuia maji yasipite kuzunguka kisiwa. Daraja lililofunguliwa mwaka 2022 limeyarudishia maji njia yake. Hiyo ni hatua ya kupongezwa, ila maji yakipita yakiwa machafu, faida ni ndogo.

Isitoshe, viko vijia vya kushukia pwani ambavyo vimezingirwa kwa kuta. Chombo kisicho na pa kutia nanga hakitadumu, wala nahodha hataweza kumrithisha mwanawe kazi. Serikali ya kaunti ikitaka utalii wa ndani, na ianze kwa kuzilinda bandari hizo ndogo, kisha isimamie jaketi za kuokolea katika kila mashua. Wazazi wana haki ya kuogopa, nami sikuwaruhusu vijana wangu wapande hadi kila mmoja alipovaa yake.

Mtaala wa umilisi wazungumzia mazingira ya mwanafunzi. Walimu wa Mombasa wana mazingira hayo umbali wa dakika chache kutoka darasani, na nauli ikigawanywa kwa watu kumi haizidi mno ile ya basi.

Tulirudi maji yalipoanza kupwa. Nahodha alikataa kunipangia siku ya safari ya pili kabla hajahesabu mwezi. Wiki ifuatayo, alisema, ni ya maji mafu, na kule Jomvu tungelazimika kuwasha mtambo.