Ajali ya pili: Somo la bendera ya njano kwa barabara za Ziwa Mweru

Kila ifikapo Machi mosi, Zambia hufungua tena uvuvi baada ya miezi mitatu ya kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Marufuku hiyo huanza Desemba mosi na kuhusu maziwa na mito karibu yote ya nchi hiyo, likiwamo Ziwa Mweru. Inapoondolewa, barabara inayotoka Nchelenge kwenda Mansa hubadilika sura. Malori hupakia samaki katika soko la Kashikishi na kuharakisha kuelekea mikoa ya migodi na Lusaka kabla barafu haijayeyuka. Katikati ya malori hayo hupita pikipiki, zikiwa na abiria, madumu ya mafuta na vikapu vya samaki wakavu.

Kwenye barabara kama hiyo, lori likiharibika kila mtu anajua la kufanya. Utingo hushuka na panga, hukata matawi mabichi na kuyalaza barabarani nyuma na mbele ya gari. Dereva anayekuja akiyaona majani hayo hupunguza mwendo bila kuuliza. Ishara hiyo inaeleweka Mansa na Lubumbashi, Mbeya na Mombasa, ingawa hakuna mkutano wa mawaziri uliowahi kuipitisha.

Pikipiki ikianguka, mambo huwa tofauti. Watu hukimbia kumsaidia majeruhi, na hilo ni jema. Wengine hufuata kutazama. Baada ya dakika chache kundi zima limesimama katikati ya njia, mara nyingi gizani, na wote wamegeuza nyuso kwa aliyelala chini. Hakuna anayetazama upande ambao gari jingine linatokea.

Matokeo yake Afrika Mashariki inayajua. Usiku mmoja wa Januari 2025, katika eneo la Segera, wilayani Handeni mkoani Tanga, lori liliwagonga watu waliokuwa wamekusanyika kwenye eneo la ajali nyingine, wengi wao wakitaka kuokoa. Watu 11 walikufa na wengine zaidi ya 10 wakajeruhiwa. Ajali ya kwanza ndiyo iliyowaita barabarani, na ya pili ndiyo iliyowaua.

Kampeni nyingi za usalama wa pikipiki katika kanda hii hushughulikia ajali ya kwanza: kofia ngumu, leseni, mwendo kasi, pombe, kupakia abiria wawili au watatu. Zina sababu nzuri. Utafiti uliojumuisha takwimu za nchi nyingi unaonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini kofia haiwezi kumwambia dereva wa lori kwamba nyuma ya kona kuna mtu amelala barabarani. Kazi hiyo inahitaji mtu mwingine, na upo mchezo mmoja ambao umeipanga vizuri kuliko barabara zetu.

Mtu mmoja, kazi moja

Mchezo huo ni motokrosi, mbio za pikipiki katika njia ya udongo yenye kona kali na matuta ya kurukia. Zambia huucheza Lusaka, takriban kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Nchelenge. Kenya ina uwanja wa Jamhuri jijini Nairobi, Uganda ina Garuga na Busiika, na Zimbabwe ina Donnybrook jijini Harare. Waendeshaji wa nchi hizi hukutana katika mashindano ya mataifa ya Afrika yanayosimamiwa na FIM Africa, tawi la shirikisho la kimataifa la mbio za pikipiki lililoanzishwa mwaka 1904. Washiriki ni watu wazima pamoja na watoto wadogo wanaoanza na pikipiki za cc 50.

Hatari kubwa ya motokrosi iko nyuma ya tuta. Mwendeshaji anayelipanda kwa kasi haoni upande wa pili hadi awe tayari angani. Mwenzake akiwa ameanguka pale anapotarajia kutua, hana breki wala usukani wa kumwokoa. Kwa sababu hiyo waandaaji huweka mshika bendera kwenye kila tuta na kila kona isiyoonekana. Yeye huona kile ambacho anayekuja hawezi kukiona.

Bendera zenyewe ni chache na maana zake zinajulikana kila mahali. Ya njano ikipepewa ina maana kwamba kuna hatari mbele: punguza mwendo, usimpite mtu, usiruke tuta. Nyeupe yenye msalaba mwekundu inatangaza kuwa wahudumu wa afya wako njiani. Ya buluu humwambia aliyeachwa mzunguko mzima awapishe walio mbele. Nyekundu husimamisha mbio. Anayempita mwenzake au kuruka chini ya bendera ya njano huadhibiwa, hata kama hakumdhuru mtu.

Jambo muhimu zaidi kwa barabara za Luapula ni mgawanyo wa kazi. Mtu anapoanguka, mshika bendera haiachi bendera yake kwenda kumwinua. Wapo wengine wa kazi hiyo. Yeye hubaki mahali anapoonekana, uso wake ukielekea kwa wanaokuja, hadi njia iwe salama. Si rahisi kusimama hivyo wakati mtoto analia hatua chache nyuma yako, na ndiyo maana washika bendera hufundishwa kabla ya mbio. Akiacha kupepea ili akainue, anayefuata atatua juu ya wote wawili.

Kwenye barabara zetu kazi ya kwanza, yaani kuinua, ina watu wengi wa kujitolea. Kazi ya pili, ya kuzuia, haina mwenyewe.

Bendera ina mipaka yake

Haitakuwa sahihi kudai kuwa bendera huzuia kila kifo. Agosti 2010, Peter Lenz, mvulana Mmarekani wa miaka 13, alianguka katika mzunguko wa kupasha moto jijini Indianapolis na kugongwa na pikipiki iliyokuwa nyuma. Oktoba 2011, Marco Simoncelli wa Italia alifariki Sepang, Malaysia, baada ya kuanguka mbele ya wenzake wawili. Mei 2021, Jason Dupasquier wa Uswisi, kijana wa miaka 19, alipoteza maisha kwa namna hiyo hiyo Mugello, Italia. Hao walikuwa kwenye viwanja vya lami vyenye wasimamizi waliofunzwa. Wagongaji walikuwa karibu mno, na hapakuwa na muda wa ishara yoyote kufika.

Tukio la Suzuka, Japani, Oktoba 2014 linafundisha jambo jingine. Jules Bianchi, dereva wa magari ya Formula 1, aliacha njia na kugonga mtambo uliokuwa ukiondoa gari lililoanguka kabla yake. Bendera za njano zilikuwa zikipepewa. Uchunguzi ulieleza kuwa hakupunguza mwendo vya kutosha. Alifariki Julai 2015, na tangu msimu wa mwaka huo mchezo huo una utaratibu unaowalazimisha madereva wote kushusha mwendo hadi kiwango kilichowekwa, badala ya kumwachia kila mmoja aamue mwenyewe.

Kwa hiyo bendera haiwezi kuzuia sekunde mbili za mwanzo, na haina nguvu kwa asiyeitii. Hata hivyo, ajali ya pili barabarani kwa kawaida haitokei katika sekunde hizo mbili. Hutokea baada ya dakika kadhaa, watu wakiwa wamekusanyika na majeruhi bado yuko chini. Huo ni muda wa kutosha kwa mtu mmoja kutembea na kwenda kusimama mahali panapofaa.

Hesabu ya umbali ni rahisi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji sekunde moja na nusu hivi kutambua hatari na kukanyaga breki. Kufikia hapo zimekwenda mita 33. Breki nzuri kwenye lami kavu huhitaji mita nyingine 40 hivi. Jumla ni zaidi ya mita 70, kwa gari dogo lenye matairi mazuri, mchana. Lori la samaki lenye mzigo, usiku, huhitaji umbali mkubwa zaidi. Anayesimama hatua 10 kutoka kwa majeruhi na kupunga mkono anahesabiwa miongoni mwa watakaogongwa. Anayekwenda hatua 150 au zaidi, pembeni mwa barabara, akiwa na kitambaa cha rangi kali au tochi, anampa dereva nafasi.

Ziwa moja, pande mbili za barabara

Kwenye Ziwa Mweru jambo hili haliishii ndani ya nchi moja. Upande wa mashariki ni Zambia, wenye Nchelenge na Chiengi. Upande wa magharibi na kaskazini ni Kongo, wenye Kilwa na Pweto. Hata jina Kilwa linagawanywa: upo mji wa Kilwa upande wa Kongo na kisiwa cha Kilwa upande wa Zambia, kinachofikiwa kwa boti kutoka Nchelenge. Wilaya hiyo pia imepokea maelfu ya wakimbizi wa Kongo, na makazi ya Mantapala yalifunguliwa huko mwaka 2018.

Zambia huendesha magari kushoto. Kongo huendesha kulia. Mwendesha pikipiki anayevuka mpaka wa Lunchinda kwenda Pweto hubadili upande wa barabara, na anaporudi jioni, akiwa amechoka, hubadili tena. Madereva wanaotumia njia ya mkato kutoka Copperbelt kwenda Mansa hupita kilomita zipatazo 70 za ardhi ya Kongo na kulazimika kufanya hivyo mara mbili katika safari moja. Lugha nazo hubadilika: Kibemba upande mmoja, Kiswahili na Kifaransa upande wa pili. Kelele za onyo kwa lugha usiyoijua hazisaidii sana. Kitambaa cha njano kinachopepewa hakihitaji mkalimani.

Kanda imeshakubaliana juu ya kadi ya njano. Mpango wa bima wa COMESA unaojulikana kwa jina hilo umefanya kazi tangu 1987. Zambia na Kongo zimo, na Tanzania hushiriki ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Dereva anayevuka mpaka na kusababisha madhara huwa na bima inayotambuliwa upande wa pili. Ni mafanikio ya kweli ya ushirikiano, ila fedha hizo hulipwa baada ya mtu kuumia. Kwa dakika zinazofuata ajali, wakati maisha zaidi bado yanaweza kuokolewa, hakuna utaratibu wa pamoja unaofahamika kwa mwananchi wa kawaida wa pande zote mbili za ziwa.

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ziwa hili limekuwa pia mpaka wa jumuiya hiyo na Zambia, ambayo imo katika SADC na COMESA. Mara nyingi mahali pa namna hii husahauliwa na kila upande kwa kudhani kuwa mwingine anashughulika.

Kinachowezekana

Hakuna wilaya inayoweza kuweka mshika bendera kwenye kila kona ya barabara, na haihitajiki. Kinachoweza kuigwa ni kanuni: mmoja aende kuzuia magari kabla wengine hawajaanza kuinua, na asiondoke hapo hadi njia iwe wazi. Ikiwa watu wapo wa kutosha, wawili wazuie, mmoja kila upande.

Wa kwanza kufundishwa ni waendesha pikipiki wenyewe, kwa kuwa ndio huwa wa kwanza kufika. Vijiwe vyao tayari vina viongozi, zamu na michango. Kijiwe kinaweza kununua vitambaa vichache vya njano, tochi na fulana za kuakisi mwanga, vikakaa chini ya viti vya pikipiki. Gharama yake haifikii ya tairi moja la lori. Machifu, makanisa na shule za Luapula, ambazo zimezoea kupeleka ujumbe wa malaria na kipindupindu hadi vijijini, zinaweza kubeba na huu.

Vyama vya motokrosi vya Lusaka, Nairobi na Kampala navyo vina jambo la kutoa. Mara nyingi mchezo huo huonekana wa wenye fedha, na hauigusi Nchelenge kwa lolote. Lakini vyama hivyo vina watu waliofunzwa mahali pa kusimama, namna ya kupepea, na namna ya kujilinda wakati wa kuwalinda wengine. Mafunzo ya siku moja kwa viongozi wa vijiwe yangetosha kwa mwanzo, yakifanywa pamoja na polisi na Wakala wa Usafiri na Usalama Barabarani wa Zambia, RTSA.

Upande wa sheria, serikali zinaweza kuchukua hatua ya pili iliyochukuliwa baada ya Suzuka: kufanya kutopunguza mwendo mbele ya ishara ya ajali kuwa kosa lenye adhabu, bila kusubiri mtu agongwe. Ishara isiyo na adhabu hutegemea huruma ya dereva, na dereva mwenye samaki wanaoharibika ana haraka zake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Kwenye ufuo wa Mweru hao ndio karibu watumiaji wote wa barabara. Machi mosi ijayo malori yatarudi Kashikishi, na utingo wao watakuwa na mapanga ya kukatia matawi. Vijiwe vya pikipiki vina muda hadi siku hiyo kuamua nani kati yao atabeba kitambaa cha njano.