Tamthilia ni ya kusemwa

Mwaka 2016 nilivuka daraja la Nyali kwenda Mjambere, kule Kisauni, kumjulia hali dada yangu. Ilikuwa alasiri. Nikamkuta mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, ameketi barazani na kijitabu chembamba mkononi, akiyumbayumba na kusoma kwa mahadhi yale yale tuliyosomea juzuu sisi zama zetu chuoni. Nikadhani adurusu Kurani. Kumbe ni Kiingereza! Grusha ni jasiri, Grusha ana huruma, Grusha ni mvumilivu. Kisha arudi mwanzo, Grusha ni jasiri.

Kijitabu kile kilikuwa mwongozo wa The Caucasian Chalk Circle ya Bertolt Brecht, ambayo miaka ile ilikuwa tamthilia ya lazima katika mtihani wa Kiingereza wa Kidato cha Nne.

"Na tamthilia yenyewe umeisoma?" nikamuuliza.

"Bado, mjomba. Twaambiwa mwongozo watosha."

Msomaji wangu, mimi sina ugomvi na kuhifadhi. Ni mtoto wa chuoni, na lugha niliyo nayo niliipata kwanza kwa kuhifadhi, tena kwa bakora. Lakini chuoni tulihifadhi maneno yenyewe. Hatukuhifadhi maoni ya mtu aliyetusomea kisha akatuuzia.

Basi nikamsimulia. Vita vyazuka, mke wa gavana akimbia na nguo zake, mtoto mchanga amsahau. Mtumishi, huyo Grusha, amwokota na kumlea kwa dhiki kubwa. Mambo yakitulia mama arudi kumdai mwana, maana urithi wa gavana waandamana naye. Hakimu Azdak, mlevi na mla rushwa, achora duara kwa chaki, mtoto awekwa kati, na kila mwanamke aambiwa avute upande wake. Grusha amwachilia asije akamuumiza. Hakimu asema mtoto ni wake.

Mpwa wangu akanikodolea macho. "Mjomba, hiki si kisa cha Nabii Suleimani?"

Ndicho, nikamwambia, na si ndicho. Wanawake wawili walipomgombania mtoto na Nabii akaagiza kisu, aliyesema mtoto asikatwe, na apewe mwenzangu, ndiye aliyemzaa. Brecht ameigeuza kanzu ndani nje: mzazi avuta, mlezi aachilia. Na wala si wa kwanza kulichora duara hilo. Wachina walikuwa na tamthilia ya duara la chaki karne nyingi kabla yake, na ndiko alikolipata.

Hapo dada yangu, aliyekuwa akichambua mchele, akadakia: "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea mwana." Jirani yake, ambaye amelea watoto wa marehemu nduguye, badala ya kumuunga mkono akapinga vikali. Na damu je? Na siku ya kuozesha, atasimama nani? Mabishano yakapamba moto hadi adhana ya magharibi. Mpwa wangu aliutia mwongozo chini ya mkeka, akaenda kuazima tamthilia kwa mwenzake, akatusomea maneno ya Azdak kwa sauti ya kilevi, nasi tukacheka mpaka machozi. Kiingereza chake siku ile kilikuwa kizuri kuliko nilivyowahi kukisikia.

Lakini lililonikaa rohoni hasa ni jingine. Tamthilia hiyo haianzi na mtoto, yaanza na ardhi. Baada ya vita, mashamba mawili ya ushirika yagombania bonde. Wachungaji wa mbuzi ndio waliokuwa wakiishi hapo. Wakulima wa matunda wana mpango wa kulitia maji. Bonde wapewa wakulima. Kisa cha mtoto chaletwa baadaye, kama mithali. Mwongozo wa mpwa wangu uliipita sehemu hiyo kwa aya moja.

Aya moja, Kisauni! Hapa ambapo tuna msamiati wetu wenyewe, nyumba bila ardhi: mtu amejenga, amezaa, amezika, na uwanja ulio chini ya kitanda chake una mwenyewe mwingine. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa pwani wajitokeze wadai mashamba yao. Waliojua wakapata hati, na wengi wakabaki maskwota walipozaliwa. Mapema mwaka huo huo wa 2016, kule Likoni, wakazi wa shamba la Waitiki, ekari 930, ndipo walipopewa hati baada ya mvutano wa miaka mingi. Mtoto wa Mjambere ana haki ya kuulizwa darasani bonde ni la nani. Na akijibu upesi kwamba Brecht yu pamoja nasi, aambiwe asome tena, kwani waliokuwa wakikaa bondeni ndio waliokosa. Hoja inayomtetea skwota yaweza kutamkwa pia na tajiri wa majengo, ramani kwapani.

Wako wasemao tamthilia za kigeni zitupwe zote. Nawaheshimu, hoja hiyo ina mizizi. Mwaka 1968 marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walitaka idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe, Afrika iwekwe kati. Walisema kweli. Lakini ugeni wa kitabu hupimwa vipi? Shakespeare aliingia katika Kiswahili mwaka 1867, Edward Steere alipochapisha Unguja hadithi zilizotokana na michezo yake. Mwalimu Nyerere akafasiri Julius Caesar mwaka 1963 na kuleta Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mimi mwenyewe nilimjua Kaizari kwanza kwa Kiswahili, na nilipokutana naye kwa Kiingereza nilimwamkia kama jamaa. Ila darasani kwetu aliyenong'ona Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza alivishwa kibao shingoni, kwa hiyo ujamaa huo niliuficha.

Huyo huyo Ngũgĩ, mwaka 1977, pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, alitunga Ngaahika Ndeenda kwa Kigikuyu, ikachezwa Kamĩrĩĩthũ na wanakijiji wenyewe. Ilihusu ardhi. Serikali ya wakati huo iliipiga marufuku, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ akawekwa kizuizini. Sijasikia serikali iliyopata kuuogopa mwongozo wa mtihani.

Nayasema haya sasa kwa kuwa mambo yanabadilika. Brecht aliondoka mtihanini baada ya 2017, A Doll's House ya Henrik Ibsen ikachukua zamu hadi 2022, kisha ikaja The Samaritan ya John Lara. Mtihani wenyewe wa Kidato cha Nne utafanywa mara ya mwisho 2027. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, wamegawanywa katika njia tatu: sayansi na ufundi, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Kiingereza kimebaki cha wote. Fasihi ya Kiingereza imekuwa somo la kuchagua, na sanaa ya maonyesho na filamu nayo ni ya waliochagua njia ya sanaa, njia ambayo serikali ilikadiria itachukua asilimia 15 tu. Kwa hao huenda ikawa neema, maana hatimaye watasimama na kucheza. Hofu yangu ni kwa yule binti aliyepelekwa kwenye kemia. Yeye pia nyumba yao haina ardhi.

Mwalimu mmoja rafiki yangu aliniambia nasema kwa urahisi kwa kuwa sina darasa. Kipindi ni dakika 40, wanafunzi wamebanana, vitabu havitoshi. Ni kweli. Nikamuuliza ana chaki? Akacheka, akasema chaki anayo.

"Basi wachoree duara sakafuni."

"Na nani atakuwa mtoto?"

Nikamwambia ajaribu kuwauliza wao, aone ni wangapi watainua mikono.