Ngote: tusiuze ganda pamoja na mti

Ngote kwa Banande, umwumba kwa wanaosema Kinyarwanda. Wengi wetu tuliukuta mlimani, hakuna aliyeupanda. Ubao wake ni mgumu, mpini wake unadumu, na makala yake tunayajua. Ukisugua jani lake mkononi linanuka kama kiini cha mbegu ya pichi, maana ni miti ya ukoo mmoja. Lakini leo kinachotafutwa ni ganda.

Kutoka kwenye ganda hilo inatengenezwa dawa ya wazee wenye tezi dume, wale wanaoamka usiku mara nne kwenda kukojoa. Wafaransa waliandikisha haki ya dawa hiyo katika miaka ya 1960, na toka wakati ule magunia yametoka Kameruni, Madagaska, Kenya na kwetu huku Kivu.

Mti huu hauoti peke yake fasi ingine ya dunia isipokuwa Afrika na visiwa vyake. Unapenda msitu wa milima, penye baridi na mvua, kuanzia mita 1,000 na zaidi mpaka karibu 3,000. Tuangalie vizuri: hiyo ndiyo milima ile ile tunayolimia viazi na maharagi, na inayotoa makala ya Goma. Kwa hiyo ngote inabanwa pande mbili, shoka upande huu na jembe upande ule. Shirika la IUCN limeiweka kati ya miti iliyo katika hatari, ngazi ya kwanza ya zile tatu za hatari. Tangu 1995 mkataba wa CITES unadai kila mzigo unaovuka mpaka uwe na kibali, na serikali ihakikishe kwamba uvunaji hauumalizi mti msituni.

Kuchuna ganda si kuua, kama unachuna kwa akili. Chakula kinachotoka kwenye majani kwenda mizizini kinapita ndani ya ganda. Ukizungusha panga shina lote, mizizi inakufa njaa, na mti unakauka umesimama. Ndiyo maana kanuni ya Kameruni ilikuwa kuchuna robo mbili zinazotazamana, kuacha robo mbili, kuacha miti myembamba, kisha kungoja miaka kabla ya kurudi. Kanuni ilikuwepo, wengi hawakuifuata. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa ganda la Kameruni. Aliyechuna vizuri naye akabaki na gunia lake.

Tunajua jibu la kwenye mikutano: "Na minerval ya watoto itatoka wapi?" Ni swali la haki. Mwenye mtoto aliyefukuzwa shuleni hawezi kungoja miaka saba, na mnunuzi anayefika na dola mkononi haulizi robo ngapi. Sisi tunaona lawama ya kwanza ni ya huyo mnunuzi. Lakini koperative inayopokea ganda bila kuuliza lilichunwa wapi na namna gani inamsaidia kazi yake.

Mbona kinkina tuliipanda? Mti wa dawa ya malaria ulitoka Amerika ya Kusini, na leo uko katika mashamba ya Kivu, una mwenyewe, unavunwa na kupandwa tena. Ngote ni ya kwetu na tunaendelea kuihesabu kama kuni za bure. Iwekwe kwenye mipaka ya mashamba na kando ya kahawa ya milimani. Ndege wanapenda matunda yake, nyuki maua yake, na mwenye mizinga atatushukuru mapema kuliko mnunuzi wa ganda, kwa sababu ganda litahitaji miaka zaidi ya kumi.

Kila mti uliopandwa uandikwe kwenye daftari la koperative: shamba la nani, mwaka gani. Siku ya kuomba kibali, bila maandishi hayo, nani atajua kama ganda lako lilitoka shambani ama katika Hifadhi ya Virunga?

Na kwa mama na baba wa pepinyeri: mbegu ya ngote haipendi kuwekwa akiba. Ikikauka sana haioti. Okoteni matunda yaliyoiva, toeni nyama yake, na mbegu iingie udongoni siku zile zile, chini ya kivuli.