Ramani Ianzie Jikoni

Mwezi huu tuweke kando kidogo habari za chanjo na lishe, tuzungumze juu ya jambo linalowaziwa na familia nyingi za Nyambureti na vijiji vingine vya Serengeti na Tarime kila baada ya mavuno, yaani kujenga nyumba.

Baba amekwisha kuuza ng'ombe wawili, matofali yamechomwa, fundi amefika. Wanaume wanasimama kiwanjani, mmoja anachora chini kwa kijiti: sebule hapa, chumba masta pale, vyumba vya watoto kule. Na mama yuko wapi? Yuko jikoni anawachemshia chai. Atakuja kuulizwa siku ya kuchagua rangi na mapazia, wakati kuta zimekwisha kusimama.

Sisemi kwamba akina baba wana nia mbaya. Fundi huchora nyumba ile ile aliyoijenga kwa jirani, na baba humwazia mgeni atakayekuja. Ndiyo maana sebule huwa kubwa kuliko vyumba vyote, ingawa hujaa mara chache kwa mwaka, nalo jiko husahaulika mpaka mwisho, kisha likabandikwa nyuma kama kibanda cha kuku. Fundi hupima nyumba kwa futi. Mama huipima kwa hatua, ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Vipimo hivi viwili ni lazima vikutane kabla msingi haujachimbwa.

Mama mwenzangu, usidhani kwamba kuulizwa ni hisani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Tena mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ikiwa kazi yako inahesabiwa, basi na mahali pa kuifanyia pahesabiwe.

Wazee wetu, ingawa hawakuchora kwenye karatasi, walikuwa na ramani. Katika boma la Kikurya zizi lilikuwa katikati, nyumba zikalizunguka, kila mke na nyumba yake, na vijana waliotahiriwa hawakulala tena kwa mama yao. Kila mlango ulikuwa na sababu yake. Leo tunakusanya yote chini ya bati moja, na mara nyingi tunaziacha zile sababu nje. Hebu tuzitazame upya, pamoja na yale ambayo sisi wauguzi tunayaona tunapopita majumbani.

Jiko

Hapa ndipo pa kuanzia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani, hasa wa kupikia, ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Mwaka 2024 Serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, na lengo ni kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Gesi ikifika kwako, shukuru. Lakini kama bado unapikia kuni, jiko lisipakane na chumba cha kulala. Liwe na madirisha mawili yanayotazamana ili upepo upite, na bomba la moshi linalotokeza juu ya bati. Kabla ya kuchagua upande, tazama jioni kadhaa moshi wa sasa unaelekea wapi. Meko yainuliwe hadi kiunoni. Mgongo wako utapona, na mtoto anayetambaa hatafika kwenye sufuria ya uji. Mtoto aliyeungua hubeba kovu lake maisha yote. Dirisha la jiko litazame mahali watoto wanapochezea.

Vyumba vya kulala

Kitanda cha futi 5 kwa 6 katika chumba cha futi 8 kwa 8 kinakuachia nafasi ndogo ya kupita. Ukiongeza sanduku la nguo, hata kuchomeka chandarua vizuri ni taabu. Futi 10 kwa 10 ni afadhali, hata ikibidi kuipunguza sebule. Tena sisi tuko kusini kidogo tu mwa Ikweta, jua linachomoza na kuzama karibu sawasawa mashariki na magharibi. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na madirisha ya watoto yasielekee magharibi, vinginevyo watalala katika joto la jioni.

Mbu wa malaria huingia sana kupitia uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Katika kijiji cha Magoda, wilayani Muheza, zilijengwa nyumba sita za majaribio, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba zilikuwa na mbu wachache na joto pungufu kuliko nyumba za udongo za jirani. Baadaye zikajengwa nyumba 110 mkoani Mtwara kwa mawazo hayo hayo. Vyumba vya kulala viko ghorofani, na wavu unazuia mbu huku hewa ikipita. Sisi si lazima tujenge ghorofa. Inatosha kumwambia fundi mapema aweke wavu kwenye madirisha na kwenye uwazi wa paa, badala ya kuziba kila kitu na kutuacha tukose hewa.

Vijana, wakwe na mgonjwa

Kijana wako aliyekua hapendi kupita mbele ya kitanda cha wazazi, na mkwe wako hathubutu. Basi chumba cha vijana kiwe na mlango wake wa nje, na njia ya kwenda bafuni isipite chumbani kwenu. Jambo hili dogo limewafanya wageni wengi wajizuie haja usiku kucha kwa heshima.

Fikiria pia chumba kimoja kilicho karibu na mlango na karibu na maji. Leo ni cha bibi, kesho ni cha mama aliyejifungua, keshokutwa ni cha mgonjwa. Mlango wake usipungue futi 3, na korido iwe futi 4. Nimewahi kusaidia kumtoa mama mwenye uchungu usiku katika nyumba nzuri yenye vigae, tukashindwa kukata kona ya korido na machela. Ilibidi ashuke atembee mwenyewe huku akishika ukuta.

Maji, choo na stoo

Mlimita mmoja wa mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Bati la mita 10 kwa 8, mvua ikinyesha milimita 20, linakupa kama lita 1,600, ingawa kiasi kidogo hupotea njiani. Je, tangi litakaa wapi? Likae karibu na mlango wa jiko, si mbele ya sebule ili wageni walione. Choo cha shimo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na kiwe upande wa mteremko. Lakini kisiwe mbali kiasi cha watoto kuogopa kwenda usiku.

Mahindi na ulezi vipate stoo yenye hewa, si uvunguni mwa kitanda. Dawa ya kuogeshea ng'ombe iwe na kabati lake la juu lenye kufuli, mbali na chakula. Na kwa kuwa wizi wa mifugo unatunyima usingizi, zizi lionekane kutoka dirisha la chumba chenu, bila ndama kulala ndani na watoto.

Jaribu kwa majivu

Sasa utajuaje kama ramani inafaa? Chukua vigingi, kamba na debe la majivu. Pimeni nyumba yote kiwanjani kwa ukubwa wake halisi, mwage majivu panapokuja kuta, na kuacha wazi panapokuja milango. Tandika mkeka wenye ukubwa wa kitanda katika kila chumba. Kisha ifanye kazi ya siku moja humo. Ingia na ndoo ya maji. Toka na majivu ya meko. Mpelekee mgeni chakula. Amka usiku kumtazama mtoto anayelia. Hesabu hatua zako. Ukigongana na ukuta, futa majivu kwa mguu na uchore tena, haigharimu hata shilingi. Ukuta wa tofali ukishasimama, hauhamishwi kwa mguu.

Mwite baba watoto naye atembee. Usimwambie kwamba ramani yake ni mbaya. Mwambie, "Baba, hebu shika ndoo hii unifuate." Wanaume wengi hawajakataa ushauri wa wake zao, ni kwamba hawajawahi kuipita njia ile wakiwa na mzigo. Mkeni mama mzee pia, maana yeye ndiye anayejua kizingiti kinachomkwaza.

Na kama fedha haitoshi, msipunguze vyumba vyote mpaka viwe vichuguu. Chorani nyumba nzima, mjenge kwanza jiko, chumba chenu na chumba kimoja cha watoto. Mwambieni fundi ayaache matofali ya pembeni yakipishana ili ukuta wa baadaye ushikane na wa sasa. Sebule inaweza kusubiri. Mgeni anayekupenda atakaa hata chini ya mwembe.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Waisraeli waliagizwa kwamba anayejenga nyumba mpya aweke ukuta wa kuzuia pembeni mwa dari, ili mtu asianguke akafa na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Hapo hakuna habari ya uzuri wa nyumba wala ukubwa wake. Mwenye nyumba aliagizwa kumfikiria mapema mtu atakayeweza kuumia ndani yake. Mama, mtu huyo unamfahamu kwa jina, na saa hizi huenda anatambaa karibu na meko yako. Mtaje kiwanjani kabla fundi hajashika jembe.

Hadi mwezi ujao, Mungu azibariki nyumba zenu.